Betri za Mzee Renatus

Foleni ya sabuni ilizunguka duka la ushirika pale Musoma mjini hadi nyuma. Pelagia, opereta wa simu, alikuwa amevaa gauni lake pekee la heshima, lile la maua ya njano. Kijana wa mbele yake, mwenye suruali pana ya bugaluu iliyofagia vumbi, akageuka.

"Dada, nikanyage taratibu. Viatu vyenyewe ndiyo hivi."

"Si usogee, kaka. Au unapendaga kukanyagwa?"

"Kukanyagwa na wewe? Napenda."

Sabuni iliisha kabla hawajafika dirishani, lakini hakuna aliyenuna. Mwaka ule wa 1980 kila kitu kiliadimika isipokuwa maneno matamu, na kijana yule, Twalib, fundi redio, alikuwa nayo tele. Kila mchana alipiga simu kutoka duka la jirani.

"Opereta, niunganishe na mpenzi wangu."

"Laini yake ina mtu."

"Nani huyo?"

"Wewe, mjinga wewe."

Kikwazo kilikuwa dini. Mzee Renatus wa Makoko, baba yake Pelagia, hakutaka kusikia habari za mkwe Mwislamu. Udhaifu wake ulikuwa mpira. Alilifuatilia Kombe la Mataifa ya Afrika tangu lilipoanza Khartoum na timu tatu tu, miaka yote akisikiliza wengine wakilibeba. Sasa Tanzania imefika kwa mara ya kwanza, inacheza na Naijeria kule Lagos, na redio yake haina betri. Mji mzima watu walikuwa wakianika betri juani ziongeze uhai.

"Huyo kijana wako akinisikilizisha mechi hii mwanzo mpaka mwisho," alisema, "aje tuongee."

Twalib alihangaika hadi Mwanza akapata betri mpya. Pelagia alizipokea, akampa mama yake, Tereza, azitie redioni.

Redio ilikufa wakati wa mapumziko, tumeshafungwa mawili. Kipindi cha pili nyumba ya jirani ikalipuka kwa kelele. Tanzania imepata goli, goli letu la kwanza katika kombe lile, na Mzee Renatus amekaa na redio bubu mapajani. Alilia, mtu mzima yule. Kesho yake alimrudishia Twalib betri, zimevuja na kuota kutu.

Pelagia alipiga simu kwa hasira. "Umempa baba yangu betri za kuanika?"

"Pelagia, kama ulikuwaga hunitaki, ungesema tu."

Twalib akakata simu, akahamia Kabasa, Bunda. Pelagia naye alikuwa na kiburi, hakumfuata.

Miaka minane baadaye, maduka yamejaa bidhaa, Mama Tereza alikuwa akichambua maharage, akasema kama anayeulizia chumvi, "Zile betri nilibadilishaga mimi. Mpya nilitia kwenye tochi. Ungeolewa kule, kanisani nisingekuona tena."

Pelagia alivaa kitenge kipya, akapanda basi la Bunda.

Dukani kwa Twalib betri zilipangwa hadi darini. Redio ilitangaza fainali ya kombe lile, Kamerun na Naijeria. Sisi hatukuwa tumerudi huko tangu mwaka ule.

"Ni mama alizibadilisha," Pelagia alisema. "Mimi nilidhani ni wewe."

Twalib alishika kaunta. "Zilizorudi hazikuwa zangu. Nikajua umezibadilisha wewe, ili mzee anikatae."

"Baba Kudura," sauti ya mwanamke iliita kutoka nyuma, "chakula kinapoa."

"Nakuja, Shani."

Pelagia akaomba betri mbili za baba yake. Twalib alizitia kwenye redio, akaongeza sauti, kisha akazitoa.

"Mpya hizo. Unajaribu nini?"

"Tangu Lagos," alisema bila kumtazama, "simpagi mtu betri kabla hajasikia kwa masikio yake."