Kiti cha Dirishani

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida saluni kwangu, siku ambayo kila mwenye kichwa anakumbuka kwamba kesho ana mwaliko. Mteja mmoja alikuwa chini ya draya, mwingine kwenye beseni, wa tatu amekaa mlangoni anasubiri zamu huku amenuna. Binti mkubwa wa marehemu kaka yangu akaingia na simu mkononi, akapita katikati yetu akituonyesha picha kama anayetembeza bidhaa.

Huyu tulimwita Ticha tangu akiwa mdogo, alipokuwa akiwapanga wanasesere mstari na kuwachapa kwa kijiti, na alipokua kweli akawa mwalimu wa Kiingereza. Sasa alikuwa amepata kazi ya kufundisha ng'ambo, tena si moja, mbili, achague. Ya kwanza ilikuwa jijini: maghorofa ya kijivu, moshi, barabara imepita juu ya barabara. Lakini huko mwalimu anapewa nyumba ya vyumba viwili na ruhusa ya kuishi na ndugu yake, na chuo kiko mtaa wa pili. Ya pili ilikuwa kwenye mji mdogo wa kale, milima nyuma, mto katikati, vichochoro vya mawe na madirisha ya mbao yenye maua. Huko mwalimu anapewa chumba kimoja juu ya duka la mikate, peke yake.

Tulikuwa tukiliombea hilo jiji la kijivu kwa sababu ya Kitinda. Kitinda ndiye aliyekuwa mdogo wake Ticha, mtoto wa mwisho wa kaka yangu. Alimaliza shule, ada ya chuo ikakosekana, akawa ananisaidia kuosha vichwa vya watu huku akisubiri ahadi: dada akienda, atamchukua, atasoma. Ahadi hiyo aliitoa Ticha mwenyewe, siku tuliyomzika baba yao, wala hakuna aliyemlazimisha.

"Nenda huko kwenye milima utuletee picha," mteja wa chini ya draya alisema kwa kupaza sauti, maana kelele za draya zilimzuia kujisikia mwenyewe.

Ticha alimgeukia mdogo wake. "Kitinda, wewe unaonaje?"

"Pazuri," Kitinda alijibu, mikono ikiwa ndani ya povu. "Si uende tu ukaone."

"Mwaka mmoja tu. Halafu nahamia jijini, nakuchukua."

"Sawa, dada."

Hakuinua kichwa. Maji yalikuwa yanamwagika nje ya beseni na hakuyaona.

Yaliyofuata kule aliniambia Ticha mwenyewe aliporudi, akiwa amekaa kwenye kiti changu cha kusukia, anakitazama kioo ili asinitazame mimi. Alisema mji ulikuwa vilevile kama kwenye picha, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, kwamba hakudanganywa. Asubuhi alifungua dirisha na milima ilikuwepo. Siku ya kwanza tu wakuu wa shule waliposema wangependa akae miaka miwili badala ya mmoja, akatia saini kabla chai yake haijapoa. Simu yake ikaita, Kitinda anapiga. Akaiangalia mpaka ikanyamaza, akaenda darasani.

Walimu wa Kiingereza waendao ng'ambo wana mchezo wao wa siku ya kwanza. Kila mtoto anapewa jina jipya la kutumia darasani tu, ili akikosea, aibu iwe ya yule mwenye jina, siyo yake. Ticha alikata vibandiko, akaandika majina kwa kalamu nene, akavibandika vifuani. Watoto walicheka, wakaanza kuitana. Nyuma kabisa, kwenye kiti cha dirishani, alibaki msichana mmoja, mkubwa kidogo kuliko wenzake, ameangalia nje na kuwapa wote kisogo. Ticha alimpa jina moja, msichana akatikisa kichwa. La pili, vilevile. Majina yote aliyoyajua yakakataliwa.

Basi akaandika la mdogo wake. Siyo Kitinda, lile jina lake halisi, la bibi yetu, ambalo nyumbani lilitumika wakati wa mitihani tu.

"Niliona limekaa bure, Shangazi, kama sahani za kabatini," aliniambia. "Nikasema angalau kila siku nitalitaja. Itakuwa kama sijamsahau."

Msichana aligeuka, akanyoosha mkono, akakipokea kibandiko. Ticha haukumbuki uso wake. Anakumbuka tu kwamba msichana yule alifurahi.

Jioni ile, kwa saa za kwetu, alitutumia picha ya darasa. Mimi nilikuwa nafagia nywele, Kitinda akaja na simu, ameikuza picha kwa vidole.

"Shangazi, mbona jina langu liko dirishani?"

Nilitazama. Kiti kilikuwa kitupu. Juu yake, usawa wa kifua cha mtu aliyeketi, palikuwa na kibandiko cheupe chenye jina la bibi.

"Kimebandikwa kwenye kioo," nilimwambia, nikaendelea kufagia. Baadaye niliiangalia tena ile picha peke yangu. Dirisha lilikuwa wazi.

Wiki ile ile mambo yakaanza. Kitinda alikuwa anamsugua mteja kichwa, mara akasimama wima, mikono inachuruzika povu, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtoto wa darasani: nipo, mwalimu. Mteja alicheka. Nami nikacheka.

"Wewe, Kiingereza hicho umekitoa wapi?"

"Kiingereza gani?" alisema.

Kesho yake tena, alasiri, wakati ule ule. Na kesho yake. Tuliacha kucheka. Akaanza kusikia baridi, akawa anakaa juani na taulo mabegani, jua ambalo sisi wengine tulilikimbia. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya ukuta nilikobandika bei za kusuka, anatabasamu.

"Ukungu umeshuka mpaka mtoni," aliniambia. "Dada alisema kweli. Pazuri."

Nilimpeleka kujiandikisha kitambulisho, nikidhani akitoka kidogo atachangamka. Karani akaliita jina lake. Kitinda hakuinuka. Likaitwa tena. Nikamfinya paja.

"Wanakuita."

"Siyo mimi," alininong'oneza. "Ameshaitika."

"Nani?"

"Yule."

Siku hiyo nilimpigia Ticha, nikamweleza kila kitu bila kumpunguzia. Akaniuliza Kitinda huwa anaitika wakati gani. Nikamwambia.

"Wakati huo huku ni asubuhi," alisema. "Ndiyo wakati ninaoita majina."

Kesho yake alimfuata mpishi wa shule, mwanamke wa makamo mwenye Kiingereza cha kutosha kuuliza nani hali nyama. Alimkuta anakata vitunguu. Alipomtajia kiti cha dirishani, mpishi hakugeuka.

"Umempa jina la nani?"

"La mdogo wangu."

Kisu kikasimama. Mpishi alifuta mikono, akafunga mlango wa jiko, akamwambia kwa maneno machache aliyokuwa nayo. Anayekaa pale hana jina. Akipewa, ataondoka nalo, na mwenye jina atakuja kukaa badala yake. Atakaa mpaka mgeni mwingine aje ampe jina jingine.

"Kwa nini nyinyi wenyewe hamumpi?" Ticha aliuliza.

"Tumpe la nani? La watoto wetu?"

"Hamkuniambia."

"Tungekuambia, ungekuja?"

Mpishi akashika kisu tena.

"Mpe lako," alisema. "Kabla hajasimama. Akipokea lako, la mdogo wako litarudi nyumbani."

Wakati huo mimi nilikuwa namsuka Kitinda. Mchana ule hatukuwa na mteja, na nilitaka mikono yangu iwe juu yake, basi, nisikie kwamba yupo. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari: mistari midogo ya kwenda nyuma, ambayo simsuki mteja yeyote kwa sababu inaniumiza vidole. Nusu nyingine nilikuwa sijaigusa.

"Shangazi," alisema. "Dada amekuja. Yuko mbele yangu."

Nilijitia utani. "Msalimie."

"Analia. Ameshika kalamu."

Vidole vyangu vilisimama.

"Anaandika?"

"Anaandika jina lake."

Nilimtazama kwenye kioo. Macho yake hayakuwa kwangu. Pumzi yake ilikuwa inatoka kama moshi, hapa kwetu, mchana wa jua kali.

"Endelea kuniambia," nilinong'ona.

Macho yake yalifuata kalamu nisiyoiona.

"Ameacha," alisema.

Akainuka taratibu. Nikamshika bega, likapita mkononi mwangu kama sabuni. Alichukua ndoo ya taulo kama kila siku, akaenda uani. Nilimsikia anazikung'uta. Moja. Nyingine. Nikamfuata na kitana mkononi. Taulo zote zilikuwa kwenye kamba, zinadondosha maji. Ndoo ilikuwa chini yake. Mlango wa uani ulikuwa na komeo, na komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Taulo ya mwisho ilikuwa bado inayumba.

Tulimtafuta kama watu wanavyotafuta watu. Hospitali, polisi, stendi, kwa marafiki. Nilirudi hata kule kwenye vitambulisho, nikamwonyesha karani picha yake. Karani aliitazama, akatazama karatasi zake, akasema kitambulisho hicho kimeshachukuliwa.

"Alikuja mwenyewe," alisema. "Nywele fupi. Siyo huyu wa kwenye picha, lakini jina ni hilo hilo. Binti mchangamfu, anaongea Kiingereza kizuri."

Ticha aliporudi, hakupiga hodi. Alikaa kwenye kiti changu akanieleza kila kitu. Kuhusu siku ile ya kalamu alisema hivi: darasa lilikuwa tupu, msichana ameshaanza kuinuka, na yeye alikuwa ameshaandika herufi tatu za jina lake. Akainua macho. Nyuma ya yule msichana milima ilikuwa inawaka jua. Akajifikiria. Umri wake, chumba chake juu ya duka la mikate, vitu vyote ambavyo bado hajaviona.

"Nilifunga kalamu, Shangazi."

Aliirudia sentensi hiyo mpaka nikamwambia basi. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Nikamkaushia nywele, maana zilikuwa zimelowa mvua, na hiyo ndiyo kazi ninayoijua.

Sasa anafagia saluni yangu. Beseni haligusi. Kufundisha kumemtoka kabisa, hata mtoto wa jirani akimwomba amsaidie kazi ya shule anajifanya hasikii. Na mimi sijawahi kumwambia arudi kule akampe yule aliyekaa pale jina lake mwenyewe, ingawa neno hilo nalala nalo na kuamka nalo. Nitalisemaje? Hata yeye ni wa kaka yangu. Nimebakiwa na huyu tu.

Wiki iliyopita mteja wangu wa siku nyingi alikuja na binti yake. Mama nikamweka chini ya draya, binti akakaa kwenye kiti nimsuke. Amemaliza ualimu, amepata kazi ng'ambo, anatakiwa achague. Ana wadogo zake wanne, akawa ananitajia mmoja mmoja kwa majina yao kamili huku namchambua nywele. Kisha akaniinulia simu begani.

"Shangazi, ona huu mji. Kama wa kuchora. Ona hiki kiti kitupu cha dirishani, mimi ningekaa hapo siku nzima."

Nilitazama. Watoto wanacheka. Milima. Dirisha liko wazi. Na kwenye kile kiti ameketi msichana, ubavu wake umeelekea kwetu. Nusu ya kichwa imesukwa mistari midogo ya kwenda nyuma. Nusu nyingine imeachwa, imemwangukia usoni. Kifuani ana kibandiko cheupe kisichoandikwa kitu.

Mkono wangu naujua. Hakuna mwingine asukaye vile.

"Ticha si alifundisha ng'ambo?" binti aliuliza. "Hebu mnishauri. Niende huku, au niende jijini?"

Ufagio wa Ticha ulisimama. Kwenye kioo macho yetu yalikutana, mimi na yeye, na hakuna aliyeyaondoa. Alikuwa ananisubiri mimi niseme. Mama wa binti alitutabasamia kutoka chini ya draya, hasikii kitu.

Nilikigawa kichwa cha yule binti katikati kwa kitana, taratibu, nisimuumize.

"Ni pazuri, mwanangu," nilisema. "Si umeona mwenyewe."

"Na watoto wa huko? Wasumbufu?"

"Hapana. Kuna msichana mmoja tu anakaa nyuma, mgumu kidogo kupokea majina. Usimkatie tamaa."

Ticha akaanza kufagia tena.