Ruhusa ya Kichuguuni

Jamaa zangu wa mtoni, wenye mashamba na wenye mifugo, leo nawaletea habari za nyumba moja tu. Nyumba yenyewe si mbaya. Haina mlevi, haina mwizi, wala hakuna anayemwinulia mwenziwe mkono. Nalisema hili mapema, maana tumezoea hadithi za watu waovu, tukishazisikia tunakwenda kulala tukijisifu kwamba sisi si wao.

Nyumba hiyo iko upande wa Kulesa, na mwenyewe ni mama mmoja wa Kigiriama anayeitwa Kache. Aliletwa huku akiwa mwari, kutoka nchi kavu ya kusini, na marehemu mumewe Kitsao aliyekuwa akitafuta ardhi yenye rutuba. Ardhi waliipata. Mtoto aliyebaki hai ni mmoja, Randu, naye ameajiriwa ulinzi huko Uarabuni. Nyumbani kamwacha mkewe Dama, binti mpole mwenye kicheko cha karibu, mja mzito wa mimba yake ya kwanza.

Asubuhi tunayoanza nayo ilikuwa njema. Mbuzi walikuwa wamefunguliwa, mbingu haina wingu, mama na mkaza mwana wameketi uani wakipukuchua mahindi ya mbegu. Dama alikuwa akimtania mavyaa wake kwamba mjukuu atatoka na pua ya marehemu Kitsao, ile pua iliyotangulia kufika kila mahali. Kache alijifanya kukasirika, lakini mabega yalikuwa yakicheka.

Ndipo akaingia Mwanaarusi, jirani Mpokomo ambaye ndiye mhudumu wa afya wa kijiji, akifuatana na mgeni. Mgeni aliitwa Josephine, mtafiti kutoka chuo kikuu. Alikuwa akizunguka vijijini kuuliza jinsi watu wanavyoishi wanaume wao wakiwa mbali kikazi, na jinsi wanawake wanavyotunza afya zao. Alipewa kigoda, akapewa maji, akamgeukia Dama.

"Dada, ukiugua, nani anayeamua kwamba uende hospitali?"

Dama alifungua kinywa. Kache akajibu.

"Mwanangu Randu."

"Na Randu yuko wapi, mama?"

"Uarabuni."

Josephine aliandika. "Na simu inashika hapa?"

"Hapa haishiki. Inashika kichuguuni," alisema Kache, na alisema kwa fahari, kama mtu anayeonyesha kisima chake.

Kichuguu hicho kila mtu anakijua. Kiko nyuma ya mashamba, kirefu kumpita mtu, kimepigwa na jua mpaka kikawa kigumu kama ukuta. Ukipanda juu yake mtandao unakushika, ukishuka unakuacha. Basi wanawake wenye waume Mombasa, Nairobi na ng'ambo hupanda pale kila jioni, na maneno ya waume hushuka nao: uza mbuzi yule, panda mpunga, mtoto abadilishe shule. Wenye utani wanakiita Ofisini. Nami nakuulizeni, wenzangu: mume asiyeona hata rangi ya maji ya mto anajuaje mwaka huu upandwe nini? Lakini hatuulizi. Tunapanda kichuguu.

Randu alipokuwa akiondoka alimshika mama yake mkono. "Mama, nakuachia Dama. Asitoke kwenda popote bila neno langu." Kache alilipokea neno hilo kama amana. Yeye mwenyewe aliolewa hivyo. Mtoto wake wa kwanza alifia mgongoni kwa homa, Kache akingoja Kitsao arudi kutoka kazi ya chumvi aseme waende kwa daktari au wasiende. Watu walimsifu Kache kwa utii wake. Sifa hizo ndizo alizobaki nazo, akazitunza, maana angezitupa angebaki na nini?

Haukupita muda mrefu, miguu ya Dama ikavimba. Mwanaarusi alikuja na mashine yake ya presha, akapima, akarudia kupima.

"Mama Randu, huyu aende hospitali ya Garsen. Aende sasa, barabara bado kavu."

Kache alipanda kichuguu. Randu alikuwa kazini, sauti yake inakuja na kukatika. "Kuvimba miguu si kawaida ya mimba, mama? Wewe mwenyewe umezaa. Asubiri, nitafikiri kisha nitapiga." Kache akashuka na hilo neno la asubiri, akamkabidhi Dama. Dama akaitikia, "Haya, mama."

Kisha maji yakaja.

Wageni hudhani mafuriko huja na mvua. Hapa kwetu huja jua likiwaka. Mvua imenyesha bara, milimani, kwa watu tusiowajua, na siku kadhaa baadaye mto unatuletea. Kache, kwa miaka yote aliyoishi bondeni, hakuzoea. Aliamka akaona shamba linang'aa. Maji hayakuwa na mawimbi wala kelele, yaliingia kati ya mistari ya mahindi polepole, kama mwenye shamba aliyekuja kukagua. Yalizunguka kijiji, yakafunika njia, yakaenda mpaka macho yanapokoma. Ndege weupe walishuka pale mbuzi walipokuwa wakilishwa jana. Kache alisimama mlangoni, mkono kinywani, na hofu na uzuri wa kitu kile vikamjia kwa pamoja hata akashindwa kuvitenganisha.

"Mama," Dama aliita kutoka ndani. "Kichwa kinanipasuka. Nami sioni vizuri, naona vimulimuli mchana."

Mwanaarusi alifika kwa mtumbwi, akipiga upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, kupita palipokuwa njia ya miguu. Alimwangalia Dama uso, akamfunua kope, akatoka nje.

"Hii ni presha ya mimba, imepanda. Ikizidi ni kifafa, na kifafa cha mimba kinaua mama na mtoto. Nisaidie tumtie mtumbwini."

"Mwenyewe hajasema," Kache alijibu.

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye mke, Mwanaarusi. Alisema asubiri. Mimi nikimtoa leo likatokea la kutokea majini, nitamwambia nini mwanangu?"

"Na likitokea hapa kitandani, utamwambia nini?"

Kache akachukua simu. Aliitia ndani ya mfuko wa nailoni, akaifunga kwa leso kichwani, akaingia majini kuelekea kichuguuni. Mwanaarusi alimpigia kelele kwamba majini mna mamba, naye asigeuke. Na hapa, jamaa zangu, msimcheke. Mwanamke wa nchi kavu, asiyejua kuogelea, alikanyaga maji ya kifua kwa sababu alitaka kufanya lililo sawa. Shida ni kwamba alilijua moja tu.

Kichuguu kilikuwa kimebaki kidogo juu ya maji. Kache alikaribia, akainua mguu apande, akausimamisha hapo hapo.

Pale juu palikuwa pamejaa. Nyoka mweusi alikuwa amejikunja upande wa jua. Karibu naye nguchiro, ambaye siku nyingine angemkamata kwa shingo, alikuwa amempa mgongo anakausha manyoya. Palikuwa na panya, palikuwa na kuku wa jirani amejikunyata, na siafu wamebeba mayai yao meupe, msafara mzima, wanapita katikati ya wote. Hakuna aliyemgusa mwenziwe. Kila kiumbe kilikuwa kimeona maji, kikabeba uhai wake, kikapanda.

  Kache aliwatazama wale siafu na mayai yao, akawaza, hawa wamemngoja nani? Akamkumbuka mtoto wake wa kwanza, uzito wake mgongoni, na jinsi uzito ule ulivyobadilika. Miaka mingi hakuwa amejiruhusu kuukumbuka.

Aliifungua simu. Mtandao haukuwapo hata kijiti kimoja. Huenda mlingoti nao ulikuwa umezimwa na maji. Lakini nakwambieni kweli, hata kabla hajaitazama alikuwa amekwisha kugeuka.

"Mtie mtumbwini," alimwambia Mwanaarusi kutoka mbali, maji yakimchuruzika. "Mtie, nami naingia."

Walipita juu ya shamba la Kache mwenyewe. Vichwa vya mahindi vilikuwa vikigusa ubavu wa mtumbwi, na chini ya maji aliona matuta aliyoyalima kwa mkono wake, yametulia kama vitu vya mtu mwingine. Mwanaarusi alisimama nyuma, akisukuma upondo. Pale penye kina alipajua, pale penye viboko alizunguka mbali. Kache alikuwa amepakana na mwanamke huyu miaka yote, wakiombana chumvi na moto, asijue kwamba alikuwa jirani na nahodha.

Katikati ya safari Dama akakakamaa. Macho yakapinduka, mwili ukaanza kumtupa, na mtumbwi ukayumba mpaka maji yakachungulia ndani.

"Mlalie," alisema Mwanaarusi, sauti ya chini. "Mgeuze ubavu, mlalie, usimtie kitu mdomoni."

Kache alimlalia mkaza mwana wake kwa mwili wake wote, akamkumbatia pamoja na tumbo lile, akawa anamwomba Mungu na kumwomba Dama na kumwomba aliyemo tumboni, wote kwa sauti moja. Mtikisiko ukapungua, ukakoma. Mtumbwi ukaendelea.

Walipogusa lami karibu na Minjila, watu walioegesha magari yao ya probox kutazama maji waliwakimbilia. Mmoja, mfugaji Muorma aitwaye Halkano, alishusha mizigo yake barabarani bila kuulizwa, wakamlaza Dama kwenye kiti cha nyuma cha gari lake. Garsen walipokewa kwa mbio. Sindano, dripu, kisha mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa. Kache alibaki ukutani na leso iliyolowa.

Daktari alipotoka alikuwa amechoka. "Mama yuko hai. Hajapata fahamu sawasawa, na macho yake tutayaangalia. Mtoto ni wa kike, amekuja kabla ya siku zake. Mmewaleta ukingoni kabisa. Mngekuja miguu ilipovimba, haya yote yasingefika hapa."

Kache aliinamisha kichwa. Maneno yale yalimuuma, akayaacha yamuume.

Muuguzi alimwita ndani. "Hawe, bibi yangu, fungua kifua. Mtoto anahitaji joto la ngozi, na mamake bado hawezi."

"Mimi? Maziwa yangu yamekauka, mwanangu. Na hapa pana watu."

"Hatutaki maziwa, twataka joto. Na mficha uchi hazai, wewe wajua."

Basi Kache akafungua leso, akalazwa chali. Waliweka juu ya kifua chake kitu kidogo, chepesi kushinda kuku, chenye moyo unaokimbia, wakamfunga nacho. Mtoto alihangaika kidogo, akageuza shavu, akatulia. Pumzi yake ikaanza kufuata pumzi ya bibi yake. Kache hakuthubutu hata kumeza mate. Mwili aliodhani umekwisha kazi zamani, ulikuwa sasa ndio nyumba ya mtu. Alilia bila sauti, na machozi yaliingia masikioni kwa sababu hakutaka kujisogeza kuyafuta.

Siku ya pili simu ikalia. Garsen mtandao ulikuwa umerudi.

"Mama, nimesikia Dama yuko hospitali. Nani aliyempa ruhusa?"

"Mwanangu, hakuna aliyempa. Aliumwa, akapelekwa."

 Kifuani pa Kache mtoto akatoa sauti, ndogo kama ya mlango wa kabati.

"Hiyo sauti ni ya nini?"

"Ni mwanao. Nyamaza kidogo umsikie."

Na Randu, aliyezoea kusema, wengine wakisikiliza, alinyamaza. Kache alisikia upande wa pili mtu mzima akivuta kamasi.

Macho ya Dama yalirudi taratibu. Kwanza mwanga, kisha vivuli, mwisho pua ya mtoto. Alipoiona alicheka, akasema yeye alisema tangu mwanzo.

Maji yalipopungua na kuacha udongo mweusi juu ya mashamba, Josephine alirudi kijijini. Alisema nyumba baada ya nyumba amesikia jibu la aina moja, kwamba mwenye kauli ni yule asiyekuwapo. Akampa Dama swali lile lile.

Dama alifungua kinywa. Kache alikuwa karibu, mtoto mgongoni, akipukuchua mahindi ya mbegu. Akaendelea kupukuchua.

"Mimi," alisema Dama.

MAFUNZO

Jamaa zangu, hadithi hii haisemi wanaume wasisafiri kutafuta, wala haisemi wake wasiwaheshimu waume. Inasema kwamba ugonjwa hauna subira ya kungoja mtandao. Mke si mbuzi wa kuachiwa mtu amchunge. Ni mtu mwenye mwili wake, na mwili ukilia yeye ndiye wa kwanza kuusikia. Enyi waume mlio mbali, toeni neno leo kabla halijahitajika: ukiumwa, nenda, nitaulizia hali baadaye. Enyi mama wa waume, msiwarithishe wakaza wana wenu msiba mliofundishwa kuuita utii. Nanyi wake, miguu ikivimba, kichwa kikiuma na macho yakiona ukungu, msijibu "Haya, mama." Inukeni. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wazee walisema, na safari hii ilikuwa karibu kuyazika mawili.

Maji yatakuja tena, maana ndiyo desturi yake. Nyoka anajua, siafu anajua. Nasi tusiwe wa mwisho kupanda.