Costancia Yuko Hewani

Jumamosi ile Kasiani aliamka na moyo mweupe. Alikunywa chai na chapati mbili, akaiosha Noah yake mpaka ikang'aa, kisha akavuka barabara kuu pale Mikumi mpaka dukani kwa Ashrafu, muuza simu na makorokoro yake. Kasiani alikuwa mtoto wa baba yangu mdogo, kwa hiyo haya sikuyaokota kijiweni.

Kilichompeleka ni redio. Magari ya Kijapani redio zake zinaishia namba tisini, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kwa hiyo Noah ilikuwa nzuri kwa macho, lakini ndani abiria walisikiliza kokoto tu. Ashrafu akamtolea kidude cheusi chenye ukubwa wa kidole gumba, na kioo kidogo cha namba.

"Hii transimita, kaka. Unachomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, unaweka memori kadi yako ya nyimbo. Yenyewe inarusha kwa FM, redio ya gari inadaka. Kaa themanini na nane nukta moja. Hapo hakuna stesheni."

"Na redio za watu wengine je?"

"Aliye karibu, kama redio yake iko namba hiyohiyo, atakusikia. Hatua kumi, kumi na tano hivi. Si ndiyo raha yenyewe? Sasa wewe ni stesheni."

Wakacheka, wakagonganisha viganja.

Saa nne asubuhi Kasiani akashika barabara ya vumbi kwenda Kilosa kuchukua wateja. Alikuwa peke yake, vioo kashusha, muziki unadunda mpaka milango inatetemeka. Alipokaribia mapori ya Zombo wimbo ukaisha. Ungekuja mwingine. Haukuja. Spika zikatoa pumzi. Pumzi fupifupi, za mtu aliyebana meno.

Kisha sauti ya mwanamke.

"Dereva. Naomba maji."

Kasiani alikanyaga breki mpaka gari likakaa mshazari. Akaing'oa transimita. Pumzi ziliendelea. Akazima redio, zikakata. Akakitazama kile kidude kiganjani mwake. Hakikuwa kimechomekwa popote, lakini kile kioo kidogo kilikuwa kinawaka.

Sauti ile aliijua. Aliisikia miezi miwili nyuma, asubuhi kama hiyo, barabara hiyohiyo. Costancia, binti wa Zombo mwenye mimba ya kwanza, alisimamisha gari akiwa peke yake, ameshika kiuno. Uchungu ulimshika kabla ya siku zake, alikuwa anawahi hospitali Kilosa. Kasiani akampakia siti ya nyuma. Mchana wa siku hiyo Noah ilikuwa imekodiwa kubeba maharusi, na siti zilikuwa zimevalishwa vitambaa vipya vyeupe. Hawakufika mbali, damu ikaanza.

Aliviona vile vitambaa kwenye kioo. Akasimama kwenye daraja dogo, akamshusha, akamlaza kivulini.

"Subiri hapa, dada. Naleta gari la hospitali. Nakuja sasa hivi."

Hakumwambia mtu yeyote. Alifika Kilosa, akanunua sabuni, akafua vitambaa, akabeba maharusi.

Aliyemkuta Costancia ni Leshan, mfugaji aliyekuwa akinywesha ng'ombe pale darajani. Jua lilikuwa la utosi. Alimpakia kwenye baiskeli akaanza kukokota, lakini dada wa watu alikata roho njiani. Maneno yake ya mwisho Leshan aliyafikisha kwa mama mzazi kama alivyopewa: "Usinihamishe. Dereva kasema anakuja."

Na lililo baya zaidi ni hili. Waliokodi gari kutoka Mikumi kwenda mazishini walikodi Noah ya Kasiani. Alisimama pale kaburini na mikono kifuani kama waombolezaji wengine. Alimsikia mama wa marehemu, Mama Teresia, akisema mbele ya watu wote bila chozi: "Sitakwenda kwa mganga kumtafuta huyo dereva. Mwanangu alikuwa na mdomo. Atamtaja mwenyewe."

Sasa Kasiani aligeuza gari, akaitupa ile transimita mtoni, akarudi Mikumi kwa mwendo wa kufukuzwa. Alisimama kwa muuza nyama. Redio ya buchani ilikuwa inasoma taarifa ya habari. Ikakoroma. Ikabadilika.

"Alinishusha kivulini."

Muuza nyama akaipiga kofi redio yake. Kasiani akaondoka bila nyama. Akapita kwa kinyozi, redio ya kinyozi ikapokea palepale ilipoachia ile ya buchani. "Akaniambia nisubiri." Kwa mama wa chai: "Jua likahamia usoni." Kila alipokaribia, redio ilikoroma. Kila alipoondoka, habari zilirudi. Watu wa Mikumi si wajinga. Kufikia saa kumi jioni walikuwa wanamwangalia yeye kila alikopita, sio redio.

Akaingia kwa Ashrafu, akafunga mlango nyuma yake.

"Kaka," Ashrafu alinong'ona, "hebu zima kile kidude. Mtaa mzima unaulizana."

"Nimekitupa mtoni."

Ashrafu akachukua redio ndogo ya betri. Akaisogeza ukutani, ikakoroma. Akaisogeza mlangoni, ikakoroma. Akaisogeza kifuani kwa Kasiani, ikatulia kabisa, sauti ikawa safi kama ya mtu aliyekaa nao mle ndani. Ashrafu akaiweka mezani taratibu. Akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa rafu.

Kesho yake, watu wakiwa wanatoka kanisani, Kasiani alifika Zombo. Mama Teresia alikuwa uani anapukuchua mahindi. Redio yake ya mkulima, ya betri, ilikuwa juu ya kinu, imezimwa.

"Shikamoo, mama."

Alipiga magoti, akaeleza yote, vitambaa, sabuni, maharusi. Mama yule hakuacha kupukuchua.

"Umekuja kuomba msamaha," akauliza mwishowe, "au umekuja kuomba kimya?"

Kasiani alishindwa kudanganya. "Nisaidie kimya, mama. Tangu jana sijalala. Sijala."

"Mwanangu bado yuko njiani. Hajafika hospitali." Akapuliza makapi mkononi. "Alikupa nauli ya imani. Nenda kamchukue."

"Nikimfikisha, ataniacha?"

"Hayo muyaongee wenyewe, ndani ya gari."

Aliondoka. Leshan, aliyekuwa na ng'ombe wake chini ya daraja, alimwona akisimama. Alimwona akizunguka, akafungua mlango wa nyuma, akainama kama anayemwegemeza mtu. "Karibu, dada," alimsikia akisema. Hapakuwa na mtu. Lakini gari lilididimia upande mmoja. Ng'ombe wote wakaacha kunywa, wakainua vichwa. Kisha Kasiani akawasha, akaenda polepole, akikwepa kila shimo.

Muuguzi Agatha alikuwa zamu mchana ule hospitalini Kilosa. Alisikia honi, ndefu, isiyokatika. Akatoka. Noah imesimama mlangoni. Aliona mwanamke siti ya nyuma, kichwa kimelalia kioo, kanga imemfunika mabega. Akaita machela, akakimbia, akafungua mlango.

Siti ilikuwa tupu. Nyeupe. Safi.

Akafungua mlango wa mbele. Kasiani alikuwa amelalia usukani, kifua kimekandamiza honi. Midomo yake ilikuwa kama karatasi. Suruali, siti, sakafu ya gari, vyote vilikuwa vimelowa damu mpaka inachuruzika kwenye vumbi. Walimvua, wakamgeuza, wakamtafuta jeraha. Hawakuona hata mkwaruzo. Daktari alisema mtu huyu ameisha damu yote, na kwamba imemtoka taratibu, kwa saa nyingi. Kutoka darajani mpaka pale hospitali ni mwendo wa dakika arobaini.

Tulimzika Jumanne. Mama Teresia alikuja, akakaa na wanawake, akala wali, akaaga vizuri.

Noah hatukupata mnunuzi. Iko uani kwa baba mdogo mpaka leo, mwaka wa nane sasa, matairi yameoza, kuku wanatagia ndani. Tuliiosha tukamaliza. Kitu kimoja tu kimetushinda. Kwenye kioo cha dirisha la nyuma, kwa ndani, kuna alama ya kiganja. Siku ya kwanza kilikuwa kidogo kama cha mtoto mchanga, vidole vitano vimetanuka. Tumesugua kwa sabuni, petroli, wembe. Hakitoki.

Krismasi iliyopita nilikwenda kuwasalimia. Binti yangu wa darasa la pili aliingia kwenye lile gari kutafuta mayai. Nilipomfuata nilimkuta amepiga magoti siti ya nyuma, ameweka mkono wake juu ya ile alama.

"Baba, ona," akaniambia. "Tumelingana."