Mwatumu na Waya wa Klachi

Mwatumu alikuwa na wivu, na wala hakuuficha. Mumewe Uweso akisifu pilau ya harusini, Mwatumu alitaka kujua nani aliyeipika. Uweso akiitikia salamu ya mwanamke njiani, Mwatumu alimuuliza kwa nini sauti yake imekuwa laini vile. Watu wa Tongoni, kijijini kwao, walikwisha kumzoea. Walisema Uweso mwenyewe anapenda kuonewa wivu, ila hataki tu kusema.

Uweso alikuwa mchuuzi wa samaki. Alikuwa na pikipiki, na zama zile, kabla ya uhuru, kuwa na pikipiki kijijini hakukuwa jambo dogo. Asubuhi alifunga matenga ya samaki nyuma, akaenda kuuza Muheza. Akirudi alileta machungwa. Adhuhuri ikiadhiniwa, Mwatumu husikia mlio njiani, naye huepua wali.

Kipupwe kilipoingia, mambo yakaharibika. Uweso akawa anachelewa. Adhuhuri inapita, alasiri inapita, ndipo anaingia uani amechoka, hataki maneno. Siku nyingine samaki walimwozea kabla hajafika sokoni. Mwatumu alipouliza, aliambiwa pikipiki ilikuwa na kazi. Kazi gani, hakuambiwa. Uweso alijisifu siku zote kwamba yeye ni fundi wa pikipiki yake mwenyewe, haipeleki kwa mtu.

Mwatumu alivumilia. Lakini akaona jambo jingine, na hili halikuvumilika.

Alikuwa na chupa ya mafuta ya nazi. Hayakuwa mafuta ya kupikia. Aliyachemsha mwenyewe, akayatia maua ya asumini na vilua, akayaweka mpaka yakashika harufu. Mafuta ya namna hiyo mke hujipaka jioni kwa ajili ya mumewe, na hayaazimwi hata kwa dada. Sasa chupa ilikuwa inapungua upesi kuliko anavyojipaka. Jioni moja Uweso alipopokea kikombe cha kahawa, Mwatumu alinusa mikono yake. Ilinuka asumini. Asumini yake yeye, si ya mtu mwingine.

Damu ikamchemka. Aliona yote kwa mara moja. Mume anaiba mafuta ya mkewe, anampelekea mwanamke mwingine, anampaka kwa mikono yake, kisha anarudi nyumbani kula wali. Nini tena kilibaki cha kuuliza?

Hata hivyo aliuliza, lakini si kwa mumewe. Alimwendea Hatibu, jirani yao, ambaye naye alikuwa na pikipiki. Alimzungusha maneno, kama mtu anayetaka tu kujua habari za barabara. Maskini Hatibu hakujua kinachopikwa. Alisema barabara ni nzuri, isipokuwa pale Kilimani. Akasema humwona Uweso pale kila siku, amepumzika barazani kwa Semeni, mjane wa Kipemba. Akaongeza kwamba Semeni ni mkarimu sana na kahawa yake haina mfano. Mwatumu aliondoka bila kuaga.

Asubuhi yake, Uweso alipokwisha kuondoka, Mwatumu alifunga nguo zake ndani ya kanga. Alikata shauri. Angekwenda kwa mama yake, na talaka yake angeidai kutoka huko huko. Lakini kwanza angepita Kilimani amwone huyo Semeni kwa macho yake. Hilo asingeweza kuliacha. Alivaa buibui, akashika njia, na kila hatua alitunga neno la kumwambia.

Alipofika, Uweso alikwisha kupita. Alimkuta mwanamke mtu mzima, mwenye mvi, amekaa uani anafuta spana kwa kitambaa. Kwa umri wake, Semeni alistahili shikamoo. Mwatumu hakuitoa.

"Wewe ndiye Semeni?"

"Ndiye mimi. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Mimi ni mke wa Uweso."

Semeni alimtazama usoni, akatazama na furushi la nguo mkononi, akaelewa.

"Na mafuta yangu ya asumini," Mwatumu alisema, "yanakukaa vizuri?"

"Mimi sijapakwa kitu, mwanangu," Semeni alisema. "Uliopakwa ni waya wa klachi."

Mwatumu hakujua klachi ni nini. Semeni akamchukua mpaka kibandani, ambako pikipiki ya marehemu mumewe ilikuwa imefunikwa gunia. Mumewe alikuwa fundi katika shamba moja la mkonge. Miaka yote Semeni alimshikia vifaa, na mahali ambapo mikono minene ya mumewe haikuingia, Semeni ndiye aliyefunga na kufungua. Alimwonyesha Mwatumu mkono mdogo wa chuma upande wa kushoto wa usukani.

Alimweleza polepole. Ukiubana mkono huu, waya unavutwa, na injini inaachana na gurudumu. Hapo ndipo unapobadili gia. Ukiuachia, vinashikana tena na pikipiki inakwenda. Waya wenyewe unapita ndani ya ganda, kama uzi ndani ya pindo la nguo. Ukikauka ndani ya ganda lake, mkono unakuwa mzito, na dereva anaumia vidole.

"Sasa mumeo aliona mkono ni mzito," Semeni alisema. "Akatia mafuta ya nazi. Wewe unajua mafuta ya nazi yanakuwaje asubuhi ya kipupwe."

Mwatumu alijua. Yaliganda chupani, mpaka ayaweke juani. Basi na ndani ya ganda la waya yaliganda vilevile. Jua likitoka yaliyeyuka, yakanasa vumbi na mchanga wa njiani. Mkono ukazidi kuwa mzito. Uweso akadhani waya umelegea, akaukaza. Kila ulipokuwa mzito akatia mafuta mengine, akakaza tena. Mwishowe waya ukawa umekazwa mno, hauna nafasi hata kidogo. Hata akiuachia mkono, klachi haishiki sawasawa. Injini inanguruma, lakini gurudumu halina nguvu. Pikipiki ikiwa na mzigo na ikikutana na mlima, klachi inateleza, inapata moto, inanuka kuungua. Ndiyo maana Uweso alisimama hapo, akiisubiri ipoe.

"Mbona hukumfundisha?" Mwatumu aliuliza.

"Nimemfundisha mpaka mdomo umenikauka. Anaitikia, halafu hafanyi. Anaogopa atakuja kuulizwa kafundishwa na nani."

Ungedhani sasa wivu ulimtoka Mwatumu. Haukumtoka. Mafuta yalikuwa ya waya, sawa. Lakini mumewe alikuwa akikaa kwenye baraza la mwanamke mwingine, akinywa kahawa yake, akimweleza shida ambayo mkewe hakuambiwa. Hilo lilimuuma kuliko mafuta. Kama ni shida, basi na shida za Uweso alizitaka ziwe zake.

"Nifundishe mimi," alisema. "Nifundishe leo, asiwe na sababu ya kusimama kwako tena."

Semeni alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akampa spana.

Alimwambia kwanza injini izimwe na ipoe. Halafu aukague waya pande zote mbili, pale unapoingia kwenye vishikizo. Akiona nyuzi zimekatika, hata chache, auondoe na kuweka mpya, kwa sababu waya huo utakatika wote njiani. Atazame na ganda lake. Lisikunjwe kwa nguvu, wala lisibanwe na kitu usukani unapogeuzwa.

Kisha akamfundisha kipimo. Karibu na mkono wa klachi kuna skrubu ndefu, na juu yake kuna nati ya kuifunga isizunguke. Legeza nati kwanza. Ukiizungusha skrubu kuingia ndani, waya unalegea. Ukiizungusha kutoka nje, waya unakaza. Mkono uwe na mchezo mdogo, yaani ucheze kidogo bure kabla haujaanza kuvuta waya.

"Mdogo kiasi gani?"

"Unajua unene wa punje ya mchele?"

Mwatumu alipika wali kila siku. Aliujua.

"Basi hapo, kati ya mkono na mahali unaposhikiwa, ipite punje ya mchele. Pakikosa nafasi, klachi itateleza na kuungua. Pakizidi sana, klachi haitaachana sawasawa. Gia zitapiga kelele, na pikipiki itataka kwenda hata ukiwa umebana. Ukimaliza, kaza nati. Geuza usukani kushoto na kulia, uone mchezo haubadiliki."

Mwatumu alilegeza, akapima, akakaza. Alikosea, akarudia. Semeni akamwonyesha na namna ya kutia mafuta. Uchomoe waya huko juu, kwenye mkono wa klachi. Kunja karatasi nene iwe mrija, uifunge kwenye mdomo wa ganda. Mimina oili nyepesi ya injini kidogo kidogo, ishuke yenyewe mpaka itokee chini. Oili, si mafuta ya nazi wala ya kupikia. Mafuta ya zamani yasafishwe kwanza kwa mafuta ya taa, mbali na moto, yachuruzike yaishe. Na tone moja litiwe pale mkono unapogeukia. Kisha ukague mara kwa mara, hata kama pikipiki haijalalamika.

Mwatumu alichukua furushi lake. Alifika mlangoni, akageuka.

"Shikamoo, Bi Semeni," alisema.

"Marahaba. Sasa unakwenda kwa mama yako?"

"Nakwenda kwangu."

Uweso alirudi alasiri imekwisha, amenuna kama kawaida yake ya siku zile. Mwatumu alimpokea matenga, akamwambia kwa utulivu kwamba ametoka kwa Semeni. Mwanamume yule aliyezoea kujisifu aliinama, akajifanya anakagua gurudumu.

"Kwa nini hukuniambia?" Mwatumu alimuuliza.

"Nilikwambia mimi ni fundi. Ningekwambiaje tena kwamba siwezi?"

"Na mafuta yangu?"

Uweso aliinamisha kichwa. Alisema oili ilikuwa imemwishia, chupa ile ilikuwa karibu, na yalinukia vizuri. Mwatumu alitaka kukasirika, akashindwa. Alimwambia alete spana.

Injini ilipopoa, alifanya kazi uani, kanga kichwani na nyingine kiunoni. Alichomoa waya. Nyuzi zake zilikuwa nzima, bahati njema. Aliusafisha, na uchafu uliotoka chini ya ganda ulikuwa mweusi, mzito, bado una harufu ya asumini. Uweso aliuona akaona haya. Oili waliomba kwa Hatibu. Mwatumu aliimimina mpaka ikatokea chini, akarudisha waya, akapima punje yake ya mchele, akakaza nati. Uweso aliubana mkono kwa vidole viwili tu. Aliurudia kuubana, akamtazama mkewe, akacheka.

Kesho yake pikipiki ilipanda Kilimani na mzigo wake wote bila kunuka kuungua. Samaki waliuzwa wabichi. Adhuhuri ilipoadhiniwa, Uweso alikuwa uani ananawa mikono.

Lakini kijijini habari haikai. Hatibu alikuja kuuliza habari za klachi yake, maana nayo gia zilikuwa zinapiga kelele. Mwatumu akaikuta imelegea mno, akairekebisha. Hatibu akamwambia Idarusi, mwuza machungwa, naye akaja na pikipiki yake. Watu walipopiga hodi sasa hawakumwulizia Uweso. Waliuliza, "Bi Mwatumu yupo?"

Mwanzoni Uweso aliona fahari. Kisha akaanza kuhesabu wanaokuja. Kisha akauliza Hatibu alikuwa anacheka nini muda wote ule, na kama klachi yake kweli inaharibika mara nyingi namna hiyo. Mwatumu alijibu kwamba anacheka kwa sababu pikipiki yake imepona. Jibu hilo halikumridhisha Uweso. Siku iliyofuata alirudi kabla ya adhuhuri, samaki wengine wamebaki kwenye tenga. Aliwakuta Hatibu na Idarusi wamekaa mkekani wanakunywa kahawa, na Mwatumu anawaeleza habari za nyuzi zilizokatika.

Uweso aliwasalimu vizuri, akangoja mpaka wakaondoka. Kisha akaja akasimama mbele ya mkewe na kunyoosha mkono.

"Nipe hiyo spana," alisema. "Nifundishe. Wakija tena, nitawarekebishia mimi."

Mwatumu aliinua macho. Aliuona wivu usoni mwa mumewe, umemjaa tele, wala haujifichi. Tangu kuolewa hakuwahi kuambiwa neno tamu kuliko hilo. Alisogea karibu naye, karibu kuliko kazi ya waya inavyohitaji, akamwekea spana mkononi na kumwambia aanze kwa kulegeza nati.