Sauti ya Kidole

Simu ya mama mshonaji ilisema, "Karibu ndani, jisikie nyumbani," na mwenyewe hajatamka neno. Ilikuwa mchana wa jua kali. Simu ilikuwa juu ya kabati, alipoiweka punde baada ya kutuma ujumbe. Sauti ilikuwa ya msichana, changamfu, yenye kicheko kidogo mwishoni.

Mwenye sauti hiyo, aliyeitwa Kidole kwa sababu alichapa kwa kidole kimoja na bado akawashinda wenye kutumia kumi, alikuwa ofisini wakati huo. Alifanya kazi kwa mjomba wake, mwenye mfumo wa simu wa kusimamia nyumba za kupanga. Bomba likivuja, mpangaji anaandika, mwenye nyumba anapata ujumbe. Lakini wateja, wale wenye nyumba, walikuwa wamelalamika. "Wapangaji wanaandika hodi, hodi, hakuna anayeitikia, tunaonekana tuna dharau," walisema. Wengine wakaongeza, "Kuna watu macho hayaoni vizuri. Mfumo uwasemeshe."

Mjomba akawasikiliza na Kidole akafanya maboresho. Ujumbe wowote wenye neno hodi ungejibiwa papo hapo, kwa sauti, kwenye simu ya aliyeutuma. Sauti akarekodi yake, maana ndiyo iliyokuwa karibu.

Wateja wakasifu. Mjomba akanunua soda, akasema mpwa wake ana kichwa.

Kidole alikunywa soda ile kama dawa. Mchana huo, kabla ya soda, alikuwa ameona kwenye kompyuta ujumbe wa mama mshonaji: "Kuna kitu kinapiga hodi nyuma ya ukuta wangu. Huko nyuma hakuna mlango. Mimi sijakiitikia. Nisaidieni." Mfumo ulikuwa umeshalidaka neno hodi na kujibu. Kidole akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha, kwa kuwa mjomba alitaka wateja waone skrini safi isiyo na lalamiko hata moja, akabonyeza palipoandikwa "Limeshughulikiwa". Hakufikiria kwamba simu ile ilikuwa imepaza sauti ndani ya chumba kile, mbele ya ukuta ule.

Hilo alilifikiria siku ile mama mshonaji alipoingia ofisini, amekonda, simu ameiviringisha kwenye kipande cha kitambaa kama kitu kinachong'ata.

"Baba, naomba unitolee huyu binti."

"Binti gani, mama?" mjomba akauliza.

"Wa humu ndani. Mimi nilinyamaza. Yeye ndiye aliyekiambia karibu. Sasa kimeingia, na kila mchana kinaendesha cherehani yangu."

"Mama yangu, hiyo ni mashine tu."

"Mashine haicheki hivyo."

Kidole aliinamisha kichwa. Aibu ikamzidi, akamimina maji kwenye glasi. "Maji, mama," alinong'ona.

Yule mama akageuka polepole. "Kumbe ni wewe," akasema. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Kidole.

Wakaenda wote wawili hadi chumbani kwa mama mshonaji. Mlangoni palikuwa na mganga, jirani wa mama mshonaji, mwanamke mnene mwenye haraka. Alimtazama Kidole juu mpaka chini.

"Aliyekaribisha ndiye anayetoa," alisema. "Mimi nitashika mlango. Na nikikimbia, mtu asinicheke."

Ndani palinuka kitambaa kilichoungua, ingawa pasi ilikuwa baridi. Kidole alisimama katikati ya chumba na jua likiwa limejaa dirishani, akaanza kusikia gurudumu la cherehani likizunguka taratibu, kisha kwa kasi, sindano ikipanda na kushuka juu ya nguo isiyokuwepo, na nyuma ya mlio huo pumzi ya kitu kikubwa kilichotulia kama mwenye nyumba anayepumzika baada ya kula, mpaka pumzi ile ikamfikia shingoni, ya moto, na kutoka ukutani akajisikia mwenyewe akiongea.

"Unataka nini?" sauti yake iliuliza. "Si uliniambia nijisikie nyumbani?"

Kidole akaukabili ukuta. "Toka," alisema.

"Nimekaribishwa."

"Mwambie mama ukweli," mganga akanong'ona kutoka mlangoni. "Uongo wako ndio kiti chake."

Kidole alimgeukia mama mshonaji, machozi yakimtiririka. "Mama, ujumbe wako niliuona. Nikacheka. Nikabonyeza kwamba umeshughulikiwa, na mimi sijamwambia mtu. Nisamehe." Kisha akautazama ukuta. "Chumba hiki si changu. Sikuwa na haki ya kukukaribisha. Nalirudisha neno langu."

Gurudumu likasimama. Harufu ikakatika ghafla, kama mtu amefunga mlango.

"Kimetoka," mganga akasema, akijifuta jasho.

Mama mshonaji akamshika Kidole mkono. "Yameisha, mwanangu."

Hakuna aliyeuliza kimekwenda wapi.

Jioni hiyo Kidole alimweleza mjomba kila kitu, akaifuta sauti yake kwenye mfumo mbele ya macho yake. Mjomba alinuna, lakini hakumzuia. Kidole akarudi nyumbani akiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu ile soda.

Mama yake alikuwa jikoni, ametenga sahani tatu.

"Hee! Umetokea wapi tena wewe?" mama akashangaa. "Si uko chumbani na mgeni wako?"

Kidole alisimama na viatu miguuni.

"Amepiga hodi, nami nilikuwa na unga mikononi. Kabla sijafungua mdomo ukamwitikia mwenyewe. Tena kwa furaha, unacheka." Mama akachukua sahani moja. "Ngoja nimpelekee chakula, asije akasema hatuna adabu."

Kutoka chumbani ikaja harufu ya kitambaa kilichoungua. Kidole alifungua mdomo amwambie mama asiende. Alijikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, lakini kinywa kilibaki kitupu.

Sauti yake ilitokea chumbani. "Karibu, mama," ilisema. "Karibu ndani."