Saa ya Limi

"Saa nzima, Maduhu! Nimesimama pale kwenye mzani wa malori kama mbuzi wa mnada!"

"Mdomo umefanyaje, mpenzi?"

"Usiniguse! Makoye kanikuta. Kaka yangu mwenyewe, kanichapa fimbo mbele ya madereva. Lori la Thobias, la kututorosha, limeondoka. Ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa uliponiacha. Tazama, bado dakika tano ifike saa kumi."

Damu ilidondokea gauni jipya la kitenge, la safari. Hii ilikuwa ofisi ya mizigo ya Rohit, Isaka, mwaka tisini na tisa. Limi ndiye mchapaji. Humo humo Maduhu aliingia siku moja na vumbi la machimbo ya Geita kichwani, akakuta binti kaandika ukurasa wa intaneti wenye saa inayojisogeza kila sekunde, kaipunguzia saa sita isome Kiswahili. Akapenda saa, akapenda na mwenye saa.

Lakini Makoye alishapokea mahari, ng'ombe thelathini wa mzee mmoja wa Ushetu. Kwa hiyo leo wanatoroka. "Nitatangulia, tusionekane," Limi alimwambia. "Saa yangu ikisoma kumi kamili, njoo."

"Umeme ulikatika?" Limi aliuliza sasa, taratibu.

"Saa nzima. Ukarudi, Rohit akaifungua tena saa yako, ikatembea vizuri tu."

Limi alishika kichwa. "Betri ya ndani ya kompyuta imechoka. Umeme ukikatika inasimama, ukirudi inaendelea ilipoachia. Na saa yangu inasoma saa ya kompyuta. Jua hukuliona?"

"Mimi mtu wa shimoni, Limi. Chini hakuna jua. Niliamini ulichoniambia."

Alicheka na mdomo uliopasuka. "Basi kosa langu, mume wangu. Malori yapo mengi. Twende."

"Limi! Toka humo, malaya we!"

Makoye, mlangoni, na fimbo. Maduhu akachomoa nyundo kwenye begi.

"Iache," Limi alimnong'oneza. "Nimepigwa leo, nimechoka na damu. Ukimpiga na hiyo, sipandi lori na wewe. Tutokee nyuma."

Maduhu akatokea mbele. Pigo la kwanza lilivunja mkono ulioshika fimbo. La pili, goti. La tatu lilimkuta Makoye yuko chini, anamlilia mama yake, "Mayu! Mayu!" La nne pia.

"Nimemaliza, mpenzi!" Maduhu alitabasamu, anahema, damu imemrukia hadi shingoni. "Lori lipi?"

Kwenye kioo cha kompyuta saa iligonga kumi kamili, sekunde zikaendelea kukimbia. Limi alifuta mdomo kwa khanga. Akaitazama ile nyundo.

"Limi? Lori lipi?"

Akageuka, akashika njia ya reli, peke yake.