Jina Katikati ya Ukurasa

Haya yalimpata rafiki yangu Thadeus mwaka wa sabini na nne, na hajawahi kuyasimulia akiwa amekaa. Alikuwa na digrii na njaa. Ofisi moja ya filamu Nairobi ilimrudishia mswada wake: jina la anayesema liwe katikati ya ukurasa, maneno yake chini, la sivyo asiwasumbue tena. Mswada ukikubaliwa, kazi ni yake.

Akaupeleka kwa Tryphosa, mpiga taipu wa duka la Manubhai mjini Kisii. Tryphosa alipiga kurasa tisa, akasita.

"Huyu Kemuma unayemzika hapa si mama yako mzazi, yule wa kijijini Ikonge?"

"Ni jina tu."

"Yaya, hapana, badilisha. Kwetu jina hutoka kwa marehemu likapewa mtoto. Wewe unalipeleka kaburini na mwenyewe yuko hai."

"Dada, wewe ni vidole. Digrii ni yangu. Just type."

Tryphosa akamzika Kemuma.

Saa moja jioni mvua ikamwagika, stima ikapotea, chumba kikawa cheusi kama tako la sufuria. Wote wawili walikuwa mlangoni wakimwita Manubhai alete mshumaa, ndipo mashine ilipoanza nyuma yao. Tak. Tak. Polepole, kama mtu anayetafuta herufi kwa kidole kimoja. Kengele ya mwisho wa mstari ikalia.

Mshumaa ulipofika, ukurasa ulikuwa na mistari mipya, imepangwa sawasawa kama ofisi ilivyotaka. Katikati: KEMUMA. Chini yake: "Thadeus, mbona giza? Nifungulie."